Usakinishaji wa Programu ya R katika Kompyuta Binafsi ya Mtafiti wa Uwandani: Mfano wa Nyamwage, Rufiji

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kusakinisha programu ya uchanganuzi wa takwimu iitwayo R katika kompyuta binafsi. Mlengwa wake ni mtafiti anayekusanya data vijijini na anayekusudia kuzichanganua hukohuko kabla ya kurejea chuoni. Mfano uliotumika ni Nyamwage, wilayani Rufiji, mkoani Pwani, kusini mwa Daraja la Mkapa, mahali ambapo barabara iendayo Utete huchepuka kutoka katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi. Hoja inayojengwa ni kwamba usakinishaji ni sehemu ya mbinu za utafiti, sawa na uteuzi wa sampuli au uandaaji wa dodoso, na kwamba uzembe mdogo katika hatua hiyo huweza kupotosha idadi ya ng'ombe wa kijiji kizima bila mtafiti kupewa onyo lolote. Dai hilo linaweza kuonekana limetiwa chumvi. Litathibitishwa hapa chini kwa mistari sita ya data.

Miongozo mingi ya kusakinisha R huandikwa kwa kudhani kuwa msomaji ana intaneti isiyokatika. Humwambia abonyeze hapa, asubiri kidogo, kisha aendelee. Kwa aliye Mlimani au Dodoma mjini, dhana hiyo huweza kufaa. Kwa aliye Nyamwage, hufaa siku moja na kushindwa siku inayofuata.

Kwa nini Nyamwage

Majuma machache ya mwaka 2024 yanatosha kueleza tatizo lenyewe. Mwezi Aprili, maji ya Mto Rufiji yalifurika na kuingia katika mashamba na makazi ya watu wa wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikafika pwani, na mvua zake zikakata barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga, mkoani Lindi, hivyo mawasiliano ya barabara kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini yakasimama. Kisha, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba kwa kiasi kikubwa nchini Tanzania kote. Mtafiti ambaye angekuwa Nyamwage wakati huo akiwa na madodoso yaliyojazwa lakini hana programu ya kuyachanganua, asingeweza kuipakua kutoka katika seva, wala kumtuma mtu amletee kutoka kusini. Mwenzake aliyekuwa na faili zote ndani ya flashi angeendelea na kazi yake hata kama simu isingeonyesha mnara wowote.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Rufiji kuwa mfano mzuri, nayo ni historia yake ya kuhesabiwa. Kuanzia mwaka 1998, vijiji kadhaa vya ukanda wa kaskazini mwa mto, vikiwamo vya Ikwiriri, Kibiti na Bungu, vilifuatiliwa kwa mfumo wa uangalizi wa afya na idadi ya watu, ambapo wadadisi walizitembelea kaya kila baada ya miezi minne na kuandika kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Mfumo huo ulianza chini ya mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na shirika la Kanada la IDRC, na baadaye ukalelewa na Taasisi ya Afya Ifakara. Funzo kubwa la TEHIP lilihusu matumizi ya takwimu zaidi ya ukusanyaji wake: halmashauri zilipewa picha ya magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watu wao hasa, nazo zikapanga bajeti kwa kuifuata picha hiyo. Taarifa za mradi zilieleza kuwa vifo vya watoto katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika kipindi cha takribani miaka mitano. Kwa maneno mengine, takwimu zilirudi nyumbani zikiwa bado na kazi ya kufanya.

Nyamwage iko ng'ambo ya pili ya mto, nje ya eneo hilo la uangalizi. Huko, takwimu nyingi hupatikana kupitia tafiti za muda mfupi: mwanafunzi huja, hukaa miezi miwili au mitatu, hujaza madodoso, kisha huondoka nayo. Matokeo hutoka mwaka mmodi au miwili baadaye, katika tasnifu ambayo mwenyekiti wa kijiji hataiona. Uwezo wa kuchanganua data palepale, na kuusomea mkutano mkuu wa kijiji matokeo ya awali kabla ya kufungasha virago, hutegemea mambo mengi, lakini la kwanza ni kompyuta iliyoandaliwa vizuri.

R ni nini, na kwa nini ipendelewe

R ni lugha ya kompyuta na pia ni mazingira ya kufanyia kazi za takwimu. Iliasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata nyayo za lugha ya S iliyobuniwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1995 ilitolewa kwa leseni ya programu huria, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Hifadhi yake kuu, ijulikanayo kama CRAN, ilianza mwaka 1997 na leo ina vifurushi zaidi ya 20,000 vilivyoandikwa na wataalamu wa nchi mbalimbali.

Neno kifurushi linahitaji tahadhari hapa. Kwa mkazi wa Nyamwage, kifurushi ni bando analonunua kwenye simu. Kwa mtumiaji wa R, kifurushi ni mkusanyo wa amri unaoongezwa juu ya programu ya msingi. Mtafiti mgeni anaweza kujikuta anatumia kifurushi cha kwanza kupata cha pili, na mara nyingi cha kwanza huisha kabla cha pili hakijakamilika. Katika makala haya, neno hilo litatumika kwa maana ya R peke yake.

Uhuria wa R una uzito wa pekee kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Si siri kwamba programu za takwimu zinazouzwa husambaa vyuoni kwa nakala zilizovunjwa leseni, zikipitishwa kutoka flashi moja hadi nyingine pamoja na virusi vyake. Anayezitumia hujiweka katika hali ngumu ya kuandika katika sura ya mbinu kwamba alitumia programu ambayo hana haki ya kuitumia. Tena nakala za namna hiyo huweza kukataa kufunguka siku yoyote, aghalabu siku ambayo msimamizi ameomba jedwali lirekebishwe. R haina mlolongo huo. Nakala moja iliyopakuliwa kihalali inaweza kusakinishwa katika kompyuta zote za timu ya utafiti, hata za wadadisi, bila kuomba ruhusa.

Maandalizi kabla ya safari

Kanuni ya msingi ni kwamba kila kitu kipakuliwe na kujaribiwa kabla mtafiti hajavuka Daraja la Mkapa. Kwanza ichunguzwe kompyuta yenyewe. Katika Windows, sehemu ya mipangilio inayoeleza kuhusu mfumo huonyesha kama kompyuta ni ya biti 64 au 32. Suala hili si dogo, kwa kuwa kompyuta mpakato za mitumba bado ni nyingi. R iliacha kuhudumia Windows ya biti 32 kuanzia toleo 4.2.0 la mwaka 2022. La mwisho kuikubali ni 4.1.3. Mwenye kompyuta ya zamani atumie toleo hilo, huku akijua mipaka yake ambayo itaelezwa baadaye.

Pili, faili la usakinishaji lipakuliwe kutoka katika CRAN, kwenye anwani ya cloud.r-project.org, badala ya kunakiliwa kwa rafiki. Kwa Windows, faili hilo lina takribani megabaiti 80, na jina lake hubeba namba ya toleo, kwa mfano R-4.4.0-win.exe. Sababu ya kutokunakili ovyo ni ya kiusalama pia. Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kuwa matoleo yote yaliyotangulia 4.4.0 yalikuwa na udhaifu uliowezesha faili la data la aina ya RDS, lililotengenezwa kwa nia mbaya, kuendesha amri katika kompyuta ya anayelifungua. Mtafiti anayepokea faili za data kutoka kwa wenzake hana budi kulizingatia hilo.

Tatu, faili lihakikiwe. Upakuaji kwa intaneti ya simu hukatika mara nyingi, na faili pungufu huweza kuonekana kamili kwa macho. CRAN huchapisha namba ya uhakiki ya kila faili la usakinishaji, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 32. Katika dirisha la amri la Windows, mtumiaji aandike:

certutil -hashfile R-4.4.0-win.exe MD5

Mfuatano utakaotokea ulinganishwe na ule uliochapishwa. Ikitofautiana hata tarakimu moja, faili lifutwe na kupakuliwa upya. Kazi hii huchukua chini ya dakika moja, lakini ni wachache wanaoifanya.

Usakinishaji wenyewe

Hatua hii ndiyo rahisi kuliko zote, ijapokuwa ndiyo huogopwa zaidi. Faili hubonyezwa mara mbili, na maswali yanayofuata yanaweza kujibiwa kwa kukubali yaliyopendekezwa. Jambo moja tu lahitaji uangalifu. Kompyuta nyingi za kuazima ofisini hufungwa kwa nywila ya msimamizi wa mfumo, hivyo haziruhusu kuandika ndani ya folda ya Program Files. Mtafiti asiye na nywila hiyo hana haja ya kukata tamaa, kwani R inakubali kusakinishwa ndani ya folda ya mtumiaji wa kawaida. Vilevile, mtumiaji anapoongeza kifurushi kwa mara ya kwanza bila haki za msimamizi, R humuuliza kama iunde maktaba binafsi. Akubali. Kuanzia toleo 4.2.0, maktaba hiyo huwekwa ndani ya AppData\Local, folda ambayo kwa kawaida imefichwa. Ndiyo maana baadhi ya watu huitafuta wasiione, wakadhani vifurushi vyao vimepotea. Amri ya .libPaths() huonyesha mahali ilipo.

Wenye kompyuta za Apple wachague faili kulingana na aina ya kichakato, yaani Intel au kile cha Apple chenyewe. Wenye Ubuntu watapata R katika hazina ya mfumo wao kwa jina la r-base, ila wajue kwamba kwao vifurushi vingi hujengwa upya kutoka katika msimbo, kazi inayohitaji muda na zana za ziada.

Wengi husakinisha pia RStudio, programu inayorahisisha uandishi wa amri na utazamaji wa matokeo. Ni nzuri, lakini si lazima. Ina zaidi ya megabaiti 200, yaani zaidi ya maradufu ya R yenyewe, na haifanyi hesabu yoyote. Kazi yake ni kuwa dirisha la kuitazamia R. Anayehesabu bando lake kwa shilingi anaweza kuiacha bila kupungukiwa na uchanganuzi wowote.

Vifurushi bila intaneti

Kabla ya kuongeza chochote, mtafiti ajue anacho nini tayari. R husakinishwa ikiwa na vifurushi 14 vya msingi na 15 vinavyopendekezwa. Ndani yake mna stats kwa majaribio ya kawaida na modeli za mstari, survival kwa uchanganuzi wa muda hadi tukio, kama vile umri wa mtoto hadi kufariki, nlme kwa data zenye ngazi, mathalani watu ndani ya kaya na kaya ndani ya kitongoji, na foreign kwa kusoma faili za programu nyingine za takwimu. Tasnifu nyingi za sayansi za jamii zinaweza kukamilika bila kuvuka orodha hiyo. Mazoea ya kuanza kila kazi kwa kupakua makumi ya vifurushi yamezoeleka kwa sababu miongozo mingi imeandikwa na watu wasiolipia intaneti kwa megabaiti.

Hata hivyo, foreign ina mipaka: husoma faili za Stata hadi toleo la 12 tu, hivyo za matoleo mapya huhitaji kifurushi cha haven. Faili za Excel nazo husomwa kwa urahisi kwa readxl. Kila kifurushi hutegemea vingine, na vingine hivyo navyo vina vyao. Anayebeba haven peke yake atafika Nyamwage na kuambiwa kuwa kuna kingine kinachokosekana. Suluhisho ni kuiachia R yenyewe ihesabu utegemezi huo, ingali na intaneti:

v <- c("haven", "readxl")
u <- unlist(tools::package_dependencies(v, recursive = TRUE))
dir.create("E:/vifurushi")
download.packages(unique(c(v, u)), "E:/vifurushi", type = "win.binary")

Hapa E: ni herufi ya flashi, mkwaju wa njia ya faili huandikwa ukilalia kulia, tofauti na desturi ya Windows. Maonyo kuwa methods au utils hazikupatikana yapuuzwe, kwa kuwa hizo ni sehemu ya R yenyewe. Uwandani, usakinishaji hufanywa hivi:

f <- list.files("E:/vifurushi", pattern = "zip$", full.names = TRUE)
install.packages(f, repos = NULL, type = "win.binary")

Kosa linalowapata wengi katika hatua hii ni kuchanganya matoleo. Vifurushi vya Windows hujengwa kwa ajili ya kila mfululizo wa R, na CRAN huvitenga katika folda tofauti: vya 4.3 mbali, vya 4.4 mbali. Toleo 4.4.0 lilitoka tarehe 24 Aprili 2024. Aliyepakua vifurushi mwezi Machi kwa kompyuta ya maktaba yenye 4.3, kisha akasakinisha 4.4.0 katika kompyuta yake mwezi Mei, alijipa matatizo yasiyo na sababu. Kompyuta inayopakua na ile itakayotumika ziwe na tarakimu mbili za mwanzo zinazofanana.

Maandalizi yakishakamilika, intaneti izimwe kabisa, kompyuta ifungwe na kuwashwa upya, kisha uchanganuzi mzima urudiwe kwa data za majaribio, kuanzia kusoma faili hadi kuhifadhi mchoro. Kinachofanya kazi intaneti ikiwa imezimwa chumbani Dar es Salaam kitafanya kazi Nyamwage.

Ng'ombe wanaopotea

Majaribio yanayopendekezwa katika miongozo mingi hutumia data za mfano zilizomo ndani ya R, kama vile vipimo vya maua au mwendo wa magari ya Marekani. Data hizo hazina neno hata moja la Kiswahili, na hapo ndipo tatizo lilipojificha.

Chukua orodha ya kaya sita za kubuni, iliyohifadhiwa katika faili ambalo safu zake zimetenganishwa kwa kitufe cha Tab. Kaya ya kwanza ina mbuzi 4. Ya pili ina ng'ombe 12. Ya tatu ina kuku 20. Ya nne ina kuku 7. Ya tano ina ng'ombe 30. Na ya sita ina mbuzi 3. Faili lisomwe kwa amri hii ya kawaida:

d <- read.table("mifugo.txt", header = TRUE, sep = "\t")

R italeta kaya tatu badala ya sita. Sababu ni ritifaa. Amri ya read.table, isipoelekezwa vinginevyo, huzichukulia alama mbili kuwa za kunukuu: ile ya mkwaju mmoja na ile ya mikwaju miwili. Inapofika kwenye ng'ombe wa kaya ya pili, huiona ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, kisha humeza kila kitu kinachofuata, pamoja na miisho ya mistari, hadi ikutane na ritifaa nyingine ya kufungia. Ritifaa hiyo imo kwenye ng'ombe wa kaya ya tano. Kwa hiyo kaya ya tatu, ya nne na ya tano hugeuka kuwa sehemu ya jina la mfugo wa kaya ya pili, na kaya hiyo ya pili hupewa idadi iliyofuata, yaani 30. Jedwali linalobaki lina kaya ya kwanza, ya pili na ya sita. Safu zake tatu zimekamilika na hakuna seli iliyo tupu.

Ritifaa zikiwa na idadi witiri, R hutoa onyo kwamba faili limeisha ndani ya nukuu, nalo huonekana kwa maneno EOF within quoted string. Zikiwa shufwa, kama katika mfano huu, hakuna onyo. Kwa hiyo usalama wa mtafiti hutegemea kama idadi ya mistari yenye ng'ombe inagawanyika kwa mbili.

Katika eneo la Rufiji, jambo hili halina mzaha. Wafugaji wengi na mifugo yao waliingia katika wilaya za Pwani na Lindi baada ya kuondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na tangu hapo swali la ng'ombe wangapi wako wapi limekuwa sehemu ya mivutano ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Mtafiti anayesimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutaja idadi yenye kasoro humpa mmoja wa pande hizo silaha asiyostahili, na humnyima mwingine haki ya kuhesabiwa. Wala si ng'ombe peke yao. Majina ya watu na vitongoji, pamoja na maneno kama ng'ambo na king'amuzi, yote yana ritifaa.

Tiba ni fupi. Amri za read.csv na read.delim hutambua mikwaju miwili pekee, hivyo hazina kasoro hii. Anayelazimika kutumia read.table aongeze quote = "\"" ndani ya mabano. Baada ya hapo, idadi ya safu mlalo, ipatikanayo kwa nrow(d), ilinganishwe na idadi ya madodoso yaliyo mkononi. Ulinganisho huu ufanywe kila mara, hata siku ambazo mtafiti ana uhakika.

Ritifaa ina hila ya pili. Programu za kuandikia maneno hupenda kuipinda, hivyo ng'ombe aliyeandikwa na mdadisi mmoja huwa na alama iliyonyooka, na wa mdadisi mwingine akawa na alama iliyopinda. R huwahesabu kuwa wanyama wa aina mbili. Amri ifuatayo huwaunganisha:

d$mfugo <- gsub("\u2019", "'", d$mfugo)

Hapa ndipo toleo la R linaporudi kuwa na maana. Kuanzia 4.2.0, R hutumia usimbaji wa UTF-8 katika matoleo ya karibuni ya Windows 10 na katika Windows 11, hivyo alama iliyopinda husomwa jinsi ilivyo. Katika 4.1.3 na matoleo yaliyotangulia, faili hilohilo huweza kuonyesha ng na ombe vikiwa vimetenganishwa na herufi tatu za ajabu. Mwenye kompyuta ya biti 32 aongeze fileEncoding = "UTF-8" anaposoma faili, na awaelekeze wadadisi wake watumie ritifaa iliyonyooka tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo faili la majaribio la mtafiti wa Kiswahili liwe na angalau maneno manne: ng'ombe mara mbili kwa alama iliyonyooka, na mara mbili kwa iliyopinda. Usakinishaji usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka wote wanne wahesabiwe kuwa ng'ombe.

Kumbukumbu katika tasnifu

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilionekana kuwa lugha ya kompyuta ingeshikamana haraka na lugha ya taaluma. Kwa upande wa takwimu, safari bado ni ndefu: mtafiti anayeandika tasnifu kwa Kiswahili husoma maonyo ya R kwa Kiingereza, kisha huyaeleza upya. Jambo hilo halimwondolei wajibu wa kueleza alichokifanya. Katika sura ya mbinu, sentensi isemayo kwamba data zilichanganuliwa kwa kompyuta haitoshi, na hata isemayo kwamba zilichanganuliwa kwa R ni pungufu. Yanayohitajika ni toleo la R, majina na matoleo ya vifurushi, na mfumo wa kompyuta. Yote hupatikana kwa amri moja, sessionInfo(), na matokeo yake yanaweza kuwekwa katika kiambatisho jinsi yalivyo. Chini yake liongezwe faili la amri zote zilizotumika, kuanzia ile ya kusoma data.

Toleo jipya likitoka katikati ya uchanganuzi, lisisakinishwe mpaka sura ya matokeo ikamilike. Matoleo mawili yanaweza kukaa pamoja katika Windows, kila moja katika folda yake, na la zamani likaendelea kutumika kwa kazi iliyoanza nalo. Faili la usakinishaji, vifurushi vyake vya zip na faili la amri vihifadhiwe pamoja katika flashi mbili. Moja ibaki na mtafiti, na ya pili iachwe kwa mdadisi wa kijijini aliyejifunza kuendesha R, ili madodoso ya msimu unaofuata yasisubiri mgeni.